SOMO LA AFYA: TUNZA MOYO WAKO, JUA WAKATI WA KUPIMWA



Hapa kambini tumezoea kuzungumza juu ya malaria, kipindupindu, surua na kuhara. Magonjwa hayo hujionyesha upesi na kila mtu anayaogopa. Leo tunajifunza juu ya magonjwa yanayokuja polepole bila kelele: magonjwa ya moyo na mishipa ya damu. Wengi husema, "Hayo ni magonjwa ya matajiri." Si kweli. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 17.9 walikufa kwa magonjwa hayo, na zaidi ya robo tatu yao walikuwa katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati, yaani nchi kama zetu.

Soma somo hili pamoja na watu wa nyumbani kwako. Kama kuna asiyejua kusoma, msomee.

1. MOYO HUFANYA KAZI GANI?

Moyo ni pampu ya nyama, ukubwa wake karibu sawa na ngumi yako. Hupiga mara 100,000 hivi kwa siku moja, ukisukuma damu mwilini mwote. Damu hiyo husukuma kuta za mishipa. Nguvu hiyo ndiyo tunayoiita shinikizo la damu, au presha.

Mhudumu akikupima anaandika namba mbili, kwa mfano 120/80. Ya kwanza ni nguvu ya damu moyo unapojibana. Ya pili ni nguvu yake moyo unapopumzika kati ya pigo na pigo. Ikiwa vipimo vya siku mbili tofauti vinaonyesha 140/90 au zaidi, una ugonjwa wa presha. Ikifika 180/110, usirudi nyumbani kabla ya kuonana na mganga siku hiyohiyo.

Presha ya juu mara nyingi haina maumivu. Mtu analima, anacheka, anakwenda sokoni, kumbe mishipa yake inaharibika. Dalili ya kwanza inaweza kuwa kiharusi. Ndiyo maana hatungoji kuumwa ndipo tupimwe.

2. NANI APIMWE, NA LINI?

Watoto wachanga. Mleteni zahanati mtoto anayetoka jasho na kuchoka anaponyonya, asiyeongezeka uzito, au mwenye midomo ya bluu. Huenda amezaliwa na kasoro ya moyo.

Watoto wa miaka 5 hadi 15. Hapa adui ni maumivu ya koo. Vijidudu vya koo visipotibiwa vizuri vinaweza kuleta homa ya baridi yabisi: viungo huvimba na kuuma, leo goti, kesho kiwiko. Homa hiyo ikirudiarudia, inaharibu milango ya moyo, na mtoto anabaki mgonjwa maisha yake yote. Ugonjwa huu hupenda mahali watu wanapolala wengi katika nyumba ndogo, kama hapa petu. Mtoto akiumwa koo na kuwa na homa, mpeleke apimwe. Akipewa penisilini, amalize dozi yote hata kama amepona siku ya pili. Mtoto ambaye moyo wake umeshaguswa huchomwa sindano ya penisilini kila wiki 3 au 4, kwa miaka mingi. Mama, usichoke. Kila sindano inaulinda moyo usiharibike zaidi.

Akina mama wajawazito. Mpimwe presha kila mnapohudhuria kliniki. Baada ya wiki ya 20 presha inaweza kupanda na kuleta kifafa cha mimba, kinachoua mama na mtoto. Kichwa kuuma sana, macho kuona giza, uso na mikono kuvimba: usingoje siku ya kliniki. Na mama anayeshindwa kupumua akilala chali, au anayevimba miguu, katika mwezi wa mwisho wa mimba au miezi 5 baada ya kuzaa, asiambiwe kuwa ni uchovu wa uzazi tu. Apimwe moyo.

Miaka 18 hadi 39. Pima presha walau mara moja kila miaka 2, na kila mara unapofika zahanati kwa jambo lingine. Kama baba, mama au ndugu wa tumbo moja ana presha, kisukari au alipata kiharusi, pima kila mwaka.

Miaka 40 na kuendelea. Pima presha kila mwaka, na omba kupimwa sukari pia. Kisukari na presha vikikutana katika mwili mmoja, hatari ya moyo huongezeka sana.

Wazee wetu. Wapimwe kila wanapofika zahanati. Kizunguzungu, miguu kuvimba na kukosa pumzi si "uzee tu". Mzee asiyeweza kutembea, mjulisheni mhudumu wa afya wa mtaa wenu.

Siku ya kupimwa, pumzika umekaa kwa dakika 5. Kojoa kwanza. Usivute sigara nusu saa kabla. Usizungumze wakati mkono umefungwa.

3. MFANO WA KUFIKIRI

Tufikirie baba wa miaka 52. Alipimwa, akakutwa na presha, akapewa vidonge. Baada ya miezi miwili alijisikia mzima. Foleni ilikuwa ndefu na jua kali, akaacha kwenda. Vidonge vilivyobaki akampa shemeji yake aliyelalamika kichwa. Asubuhi moja aliamka mdomo umekwenda upande na mkono wa kulia haunyanyuki. Sasa mke wake anachota maji, anatafuta kuni, anapanga foleni ya posho na kumlisha mume wake, yeye peke yake.

Baba huyu alikosea wapi? Alidhani kujisikia mzima ni kupona. Vidonge vya presha haviondoi ugonjwa, vinaushikilia. Ukiviacha, unarudi. Tena dawa ya mtu mmoja si dawa ya mwingine.

4. TUFANYE NINI NYUMBANI?

Chumvi. Mtu mzima asizidishe kijiko kimoja kidogo cha chai kwa siku, pamoja na ile iliyomo katika chakula. Ndagala na samaki wa chumvi, waloweke na kumwaga maji kabla ya kupika. Ukitia vidonge vya kukoleza mchuzi, usitie chumvi tena. Lakini usiiache kabisa chumvi yenye madini joto. Inazuia rovu na inamsaidia mtoto aliye tumboni. Koleza sombe na maharage kwa kitunguu, nyanya, ndimu au pilipili.

Tumbaku. Sigara na ugoro huharibu mishipa. Aliyeacha sigara mwaka mzima, hatari yake ya mshtuko wa moyo hupungua karibu nusu.

Pombe. Pombe kali ya kienyeji hupandisha presha na kudhoofisha moyo.

Mwili. Mama anayebeba maji na kuni amekwisha kufanya mazoezi. Baba anayekaa kutwa kwenye karata, atembee kwa haraka nusu saa, siku 5 kwa juma. Heri zaidi amsaidie mama kubeba maji.

Huzuni. Waliopoteza watu na mali wanaweza kusikia moyo ukienda mbio usiku. Njoo upimwe. Ikiwa moyo ni mzima, bado kuna msaada: zungumza na mshauri wa jamii. Si aibu.

5. DALILI ZA HATARI: NENDA HOSPITALI SASA HIVI

- Kifua kubanwa kama kimewekewa jiwe, maumivu yakienda begani, mkononi au tayani.
- Kukosa pumzi ghafula, au jasho baridi.
- Mdomo kwenda upande, mkono au mguu kulegea, maneno kutotamkika.
- Kuzimia.

Usimtembeze mgonjwa, mbebeni kwa machela. Msimpe chakula wala maji mwenye dalili za kiharusi, anaweza kupaliwa. Kumbukeni saa dalili zilipoanza, mumwambie mganga.

6. UKIHAMA

Ukirudi nyumbani au ukihamishiwa nchi nyingine, chukua kadi yako ya matibabu pamoja na kadi ya mgawo. Wajulishe zahanati mapema ili upewe dawa za safari. Kukatika dawa njiani ni hatari kama kuziacha.

Upasuaji wa moyo hufanyika katika hospitali chache kubwa, mbali na kambi, na si kila mgonjwa anaweza kupelekwa. Lakini kipima presha kipo zahanati, na kupimwa hakuna malipo.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Nyumbani kwetu nani amepita miaka 40 na hajapimwa mwaka huu?
2. Kwa nini mtoto amalize dozi ya penisilini?
3. Nani katika mtaa wetu ameacha vidonge vyake, na nani atakwenda kumsindikiza?

Ukimaliza kusoma, mpe jirani karatasi hii.