Waulizeni Wazee wa Pande Zote Mbili



Jumapili moja baada ya ibada, mume mmoja kijana alinisubiri nje ya kanisa mpaka watu wakaisha. Akaniambia, "Mwalimu, mimi niliuziwa mbuzi kwenye gunia." Mama mkwe wake alifariki kwa saratani ya ovari kabla yeye hajaoa, na wakati wa uchumba hakuna aliyemweleza. Sasa dada mkubwa wa mkewe amepatikana na ugonjwa uleule akiwa na miaka 44, na daktari amesema huenda ni wa kurithi. Habari zilipofika kwa mama yake mzazi, maneno yakaanza: ati mke ameleta ugonjwa bomani, ati wale wasichana wao wawili tayari wameharibiwa.

Nilimuuliza swali moja tu. "Na wanawake wa upande wa baba yako, walikufa kwa ugonjwa gani?" Hakujua. Alijua wameacha mashamba mangapi, lakini hilo hakujua.

Ndiyo maana leo nataka tuzungumze juu ya jambo hili bila haya. Ovari ni vile vifuko viwili vidogo, kimoja kila upande wa mfuko wa uzazi, vinavyotunza mayai ya mwanamke. Saratani yake ni tofauti na ile ya mlango wa kizazi ambayo akina mama hupimwa kliniki. Ile ya mlango wa kizazi huletwa hasa na virusi, na kipimo chake hakionyeshi kitu kuhusu ovari. Nimekutana na mama zaidi ya mmoja aliyedhani akipimwa moja amepimwa zote.

Wanawake wengi wanaopata saratani ya ovari hawakuirithi. Lakini sehemu yao, zaidi ya mmoja kati ya kila kumi, walizaliwa na hitilafu katika jeni. Jeni ni maagizo madogo yaliyo ndani ya kila chembe ya mwili, nasi hupokea nakala mbili za kila moja, ya baba na ya mama. Kuna jeni mbili ziitwazo BRCA1 na BRCA2. Sisi sote tunazo, wanaume na wanawake. Kazi yake ni kama ya fundi: maagizo ya chembe yakikatika, zinasaidia kuyaunganisha. Mtu aliyerithi nakala moja mbovu huishi vizuri kwa ile nzima iliyobaki. Siku ile nzima ikiharibika katika chembe fulani, fundi hayupo tena, na makosa huanza kurundikana mpaka chembe inakuwa saratani.

Sasa shikeni hili, maana hapa ndipo nyumba nyingi hukosea. Hitilafu hiyo hupita kwa baba sawasawa na inavyopita kwa mama. Mzazi aliye nayo, awe mume au mke, humpa kila mtoto nafasi ya nusu kwa nusu, kama kurusha sarafu. Nayo sarafu haikumbuki ilivyoanguka jana. Kama mtoto wa kwanza amerithi, hiyo haimkingi wa pili. Mwanamume hana ovari, kwa hiyo anaweza kuibeba maisha yake yote bila mtu kujua, akamrithisha binti yake. Watu watasema ugonjwa umetokea hewani, kumbe ulikuja kwa nyanya, mama yake baba. Na si kwamba mwanamume husalimika kabisa: hitilafu ya BRCA2 hasa huongeza hatari ya saratani ya tezi dume, ya kongosho, na hata ya matiti kwa mwanamume.

Kurithi hitilafu si kurithi ugonjwa wenyewe. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2017, uliohusu karibu wanawake 10,000 wenye hitilafu hizi, ulikadiria kwamba kufikia umri wa miaka 80, wanawake 44 kati ya 100 wenye hitilafu ya BRCA1 watakuwa wamepata saratani ya ovari. Kwa BRCA2 ni 17 kati ya 100. Kwa wanawake wote kwa jumla ni mmoja hivi au wawili. Kwa hiyo hatari ni kubwa kweli, tena pamoja nayo iko ya saratani ya matiti iliyo kubwa zaidi. Hata hivyo, zaidi ya nusu ya wenye BRCA1 mbovu hawapati ile ya ovari. Anayesema mabinti "wameharibiwa" hajui asemalo.

Tulijuaje haya? Kwa kuuliza wazee. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, mjini Omaha, Marekani, daktari kijana aitwaye Henry Lynch alikutana na mgonjwa mlevi. Alipomuuliza kwa nini anakunywa hivyo, yule mtu alijibu kwamba anajua atakufa kwa saratani ya utumbo, kwa kuwa ndivyo wanavyokufa watu wote wa kwao. Daktari mwingine angeandika "mlevi" na kuendelea na safari yake. Lynch aliwafuata jamaa za yule mtu, akachora mti wa ukoo wao: nani, ugonjwa gani, umri gani. Kuanzia mwaka 1967 aliifanya kazi hiyo katika Chuo Kikuu cha Creighton, ambacho ni cha Wajesuiti. Wataalamu wengi hawakumwamini, na maombi yake ya fedha yalikataliwa mara nyingi. Alizikuta pia koo ambazo saratani ya matiti na ya ovari zilifuatana. Mwaka 1990 Mary-Claire King alionyesha kwamba jeni ya koo za namna hiyo imo katika kromosomu ya 17, na mwaka 1994 jeni yenyewe, BRCA1, ikapatikana. Ule ugonjwa wa utumbo wa kurithi siku hizi huitwa kwa jina la Lynch; nao pia huongeza hatari ya saratani ya mfuko wa uzazi na ya ovari. Kwa hiyo msiulize kuhusu ovari peke yake. Ulizeni matiti, utumbo, mfuko wa uzazi, kongosho na tezi dume.

Chukueni daftari la watoto, mkae wawili jioni. Andikeni ndugu zenu, wazazi, mashangazi, wajomba, mama wadogo na wakubwa, babu na nyanya, upande wa mume na upande wa mke. Pale msipojua, nendeni mkaulize. Mtaambiwa "alikuwa na uvimbe wa tumbo" au "alirogwa." Msibishane na mzee. Ulizeni tumbo lilivimba vipi, alikuwa na umri gani, alilazwa hospitali ipi, na kama kuna karatasi zilizobaki. Saratani iliyompata mtu kabla ya miaka 50, au iliyowapata wawili watatu wa upande mmoja, hiyo ipelekeni kwa daktari. Kipimo cha damu cha jeni kipo, ingawa gharama yake si ndogo. Ni vizuri aanze yule aliyeugua, kama bado yu hai. Hitilafu ikionekana kwake, jamaa wengine hutafutiwa hiyo hiyo moja.

Mtauliza, kwa nini tusingoje tukapime ovari kila mwaka? Huko Uingereza walijaribu, kwa damu na kwa picha, katika utafiti wa wanawake zaidi ya 200,000 waliokwisha kukoma hedhi. Matokeo ya mwaka 2021 yalionyesha kwamba vifo havikupungua. Ugonjwa huu hujificha. Tumbo kujaa gesi, kushiba upesi, maumivu ya nyonga, kukojoa mara kwa mara: mambo ya kawaida haya, lakini yakiendelea wiki mbili tatu bila kuacha, mama aende hospitali na aitaje historia ya ukoo wake.

Kwa mwenye hitilafu, kinga iliyo imara ni kuondolewa ovari pamoja na mirija yake. BRCA1 ni kati ya miaka 35 na 40, mkishamaliza kupata watoto. BRCA2 inaweza kungoja hadi 40 au 45. Hatari hupungua kwa asilimia 80 hivi. Lakini mama hukoma hedhi kwa siku moja, joto linampanda usiku, mifupa inadhoofika, na mume asiyeelezwa ataona mkewe amebadilika bila sababu. Barua ya Papa Paulo wa Sita ya mwaka 1968, Humanae Vitae, katika namba 15 haikatazi matibabu yanayohitajika kuponya ugonjwa wa mwili, hata kama yatazuia uzazi, ilimradi kuzuia uzazi kusiwe ndilo lengo. Kwa ovari ambazo bado hazijaugua, ongeeni na daktari na pia padri wenu, mkiwa wawili. Wanaojua mapema wana miaka ya kupanga. Wanaojua mwisho hawana.

Yule kijana alirudi baada ya mwezi, na daftari mkononi. Upande wa mkewe kulikuwa na wawili anaowajua, na mama mdogo mmoja ambaye karatasi zake bado wanazitafuta. Upande wake mwenyewe alimpata shangazi, dada ya baba yake, aliyekufa kwa saratani ya titi kabla hajafikisha miaka 40. Mama yake mzazi ndiye aliyemtajia, shingo upande. Huenda ina maana, huenda haina, daktari ataangalia. Shemeji amekubali kutoa damu kwanza. Wamepewa tarehe ya kwenda kliniki, na mume amesema watakwenda pamoja.