Dondoo muhimu: Ukiuziwa kiko cha zamani Lushoto
Sepiolaiti, jiwe jeupe jepesi la eneo la Amboseli, mpakani na Kenya, ilichongwa viko vilivyouzwa kwa chapa ya Kiko; leo vinatafutwa, na vya bandia havikosi.

1. Anza na mhuri. Kilichoandikwa "Tanganyika" si cha Mjerumani: jina hilo lilikuja na Waingereza mwaka 1920. "Tanzania" ni kuanzia Oktoba 1964. Hapa ndipo wanunuzi wengi hulizwa.
2. Tafuta nembo ya tembo. Iliyofifia kwa kushikwa si dosari. Iliyokwaruzwa juzi kwa msumari, achana nayo.
3. Kipime mkononi. Plasta ni nzito, plastiki huacha mshono wa kalibu.
4. Futa bakuli kwa kitambaa chenye maji. Rangi ya viatu itatoka, rangi ya moshi wa miaka haitoki.
5. Chomoa mdomo taratibu. Ukipwaya, huenda ni wa kiko kingine.
6. Kataa jaribio la sindano ya moto. Linaharibu hata kilicho halisi.
7. "Cha babu, tangu enzi za Wilhelmstal" (jina la Lushoto wakati wa Wajerumani)? Sikiliza, lakini usiongeze hata shilingi.