Bruxelles au Lisboa? Somo juu ya kulinganisha kwa Kiswahili

Utangulizi

Kila mwanafunzi wa Kiswahili anajua kutunga sentensi kama "Juma ni mrefu kuliko Ali". Ni sentensi sahihi, lakini haimsaidii sana mtu anayepaswa kuamua jambo. Urefu hupimwa kwa mita. Mambo mengi ya maisha hayana mita. Katika makala haya nataka kuonyesha, kwa mfano mmoja, jinsi maneno ya kulinganisha yanavyofanya kazi pale ambapo mtu ana vitu viwili vizuri mbele yake na anaweza kuchukua kimoja tu. Mfano wenyewe unanihusu mimi: miji miwili ya Ulaya, Bruxelles na Lisboa, na likizo ya siku nne. Nitaeleza kwanza hali ilivyokuwa, kisha nitapitia vipimo kimoja baada ya kingine, na mwishoni nitatoa mazoezi kwa wanafunzi wenzangu.

1. Hali ilivyokuwa

Nilikuwa Köln, Ujerumani, kwa wiki kumi za utafiti. Pasaka ilipokaribia, niliona kwamba chuo kingefungwa tangu Ijumaa Kuu hadi Jumatatu ya Pasaka, maana siku hizo mbili ni sikukuu za taifa huko. Viza yangu ilikuwa ya muda mfupi ya nchi za Schengen, ile isiyoruhusu kukaa zaidi ya siku 90 ndani ya siku 180. Kwa viza hiyo, aliyekwisha kuingia Ujerumani anaweza kwenda Ubelgiji au Ureno bila kuomba ruhusa nyingine. London haikuwezekana, kwa sababu Uingereza haimo katika mapatano hayo. Pesa niliyokuwa nimeweka kando ilitosha safari moja tu.

Lisboa niliitamani tangu mwaka wa pili, tuliposoma maneno ya Kiswahili yenye asili ya Kireno. Sikuwa na mtu ninayemjua huko. Bruxelles anakaa baba yangu mdogo, aliyeondoka Lubumbashi kabla mimi sijazaliwa. Ni mzee sasa, na miguu yake imechoka. Nilikuwa nimesikia sauti yake katika simu mara nyingi. Uso wake nilikuwa nauona katika picha tu.

2. Kuliko na kupita

Tuanze na neno lenyewe. "Kuliko" lina vipande vitatu: ku-, kiambishi cha mahali, -li-, kitenzi cha kuwa, na -ko, kirejeshi cha mahali. Maana yake ya asili ni "mahali palipo na". Nikisema "Lisboa ni mbali kuliko Bruxelles", ni kana kwamba nimesimama pale Bruxelles ilipo na kutazama Lisboa kutoka hapo. Miji yote miwili inabaki mahali pake, nami nasogeza macho tu.

Kwetu Lubumbashi hatusemi hivyo katika mazungumzo ya kila siku. Tunasema "kupita": "Lisboa iko mbali kupita Bruxelles". Hapa picha ni nyingine kabisa. Kitu kimoja kinatembea, kinamfikia mwenzake na kumwacha nyuma. Kiswahili sanifu nacho kina vitenzi vya namna hiyo, kama "kuzidi" na "kushinda". Baadhi ya walimu huwakataza wanafunzi kutumia "kupita" wakidhani ni kosa la mtaani. Kwa maoni yangu ni njia nyingine ya kufikiri, na lugha nyingi za Kibantu hulinganisha kwa vitenzi vya kupita na kushinda. Tofauti ninayotaka mwanafunzi aishike ni hii: "kupita" na "kushinda" humtangaza mshindi, lakini "kuliko" huacha nafasi ya kuuliza ulinganisho unafanywa kutoka wapi.

3. Vipimo vinavyohesabika

Katika vipimo vya kuhesabu, maneno yote hayo yanafaa bila ubishi.

Umbali. Treni ya kasi hutoka Köln hadi Bruxelles kwa muda usiofika saa mbili. Ndege ya kwenda Lisboa huchukua karibu saa tatu angani, na juu yake kuna safari ya kwenda uwanjani na saa za kungoja. Katika likizo ya siku nne, Lisboa ingekula sehemu kubwa ya siku ya kwanza na ya nne. Naweza kusema bila wasiwasi: "Bruxelles ni karibu kuliko Lisboa."

Gharama. Bruxelles ningelala na kula kwa baba mdogo. Lisboa ningelipa kitanda kila usiku, tena wakati wa Pasaka ambapo wasafiri ni wengi. "Lisboa inazidi Bruxelles kwa gharama." Angalieni kwamba kitenzi "kuzidi" kimeleta "kwa" nyuma yake, nayo "kwa" ndiyo inayotaja kipimo. Huo ni uzuri wa muundo huu.

Hali ya hewa. Bruxelles mvua hunyesha mwaka mzima, na mwezi wa nne bado kuna baridi. Lisboa iko karibu na bahari ya Atlantiki upande wa kusini, ina jua jingi, na kiangazi chake ni kikavu. Hapa Lisboa inapita, na kwa mtu wa Katanga aliyekwisha kutetemeka wiki sita hilo si jambo dogo.

Kwa hiyo hata katika mambo ya kuhesabika hakuna mji mmoja ulioshinda kote. Bruxelles ilipata mawili, Lisboa moja. Lakini nani amesema kwamba mawili ni mazito kuliko moja? Kuhesabu alama kama katika mpira hakumsaidii msafiri.

4. Vipimo visivyohesabika

Sasa tuje kwenye mambo ambayo mtu wa kitivo cha lugha angeyatafuta.

Lisboa kuna Belém, kando ya mto Tejo, na hapo kuna monasteri ya Jerónimos lenye kaburi la Vasco da Gama, ambaye mwaka 1498 alipita Mombasa na Malindi. Baada yake Wareno walikaa pwani ya Afrika Mashariki karibu karne mbili, wakaiachia lugha yetu meza, bendera, leso, karata, mvinyo na parafujo. Mjini humo pia kuna hifadhi ya taifa iitwayo Torre do Tombo, ambamo zimo barua za mfalme Afonso wa Kwanza wa Kongo, yaani Mvemba a Nzinga. Katika barua zake za mwaka 1526 alimlalamikia mfalme wa Ureno juu ya biashara ya watumwa iliyokuwa ikimaliza watu wake. Hata jina "Poto" ambalo wenzetu wa Kinshasa huita Ulaya hukaribiana na "Mputu" la Kikongo, ambalo wengi hulihusisha na Portugal. Kwa mtu wa Kongo, Ulaya ya kwanza kujulikana ilikuwa Lisboa. Mji wenyewe umejengwa juu ya vilima. Sehemu yake ya chini, Baixa, ina barabara zilizonyooka kwa sababu ilijengwa upya baada ya tetemeko la ardhi la tarehe 1 Novemba 1755.

Bruxelles ni mji wa lugha mbili rasmi, Kifaransa na Kiholanzi, na majina ya barabara huandikwa kwa zote mbili. Hilo peke yake ni darasa la isimujamii. Katika mtaa wa Ixelles kuna Matonge, iliyopewa jina la Matonge ya Kinshasa, na karibu yake kuna uwanja wa Patrice Lumumba uliozinduliwa tarehe 30 Juni 2018. Nje ya mji, kwa tramu namba 44 inayopita msituni, mtu hufika Tervuren kwenye makumbusho ya Afrika, yaliyofungwa mwaka 2013 kwa matengenezo na kufunguliwa tena Desemba 2018. Karibu na kanisa la Tervuren yapo makaburi ya Wakongo saba. Walikuwa miongoni mwa watu 267 walioletwa mwaka 1897 ili waonyeshwe kwa wageni wa maonyesho, na wao hawakurudi.

Nikiulizwa, "Ni mji gani wenye historia nzito kuliko mwenzake?", sina jibu. Katika Lisboa ningesoma mwanzo wa uhusiano wetu na Ulaya, na katika Bruxelles ningesoma sehemu yake iliyo karibu nasi zaidi. "Kuliko" hapa linakosa mahali pa kusimama.

5. Bora, afadhali na heri

Watu wengi wangesema: basi, chagua mji ulio bora. Tatizo ni kwamba "bora" likieleza nomino halimtaji mtu yeyote. "Lisboa ni mji bora kuliko Bruxelles": bora kwa nani, na kwa kazi gani? Sentensi imekamilika kisarufi, lakini haina mkaaji ndani yake. Ndiyo maana inapendwa katika matangazo.

"Afadhali" na "heri" zina tabia nyingine. Zote mbili zilitoka Kiarabu, na zikitumiwa kuamua jambo mara nyingi hufuatwa na kitenzi cha dhamira: afadhali niende, heri tukae, afadhali wangoje. Kitenzi hicho lazima kiwe na nafsi: ni-, tu-, wa-. Sarufi inamlazimisha msemaji aseme ni nani atakayekwenda. Ni kweli kwamba "bora" nalo linaweza kutumika hivyo, "bora niende". Likifanya hivyo linaacha kueleza mji, linaanza kueleza uamuzi.

Kati ya mawili hayo, "afadhali" hutazama hali. Mgonjwa akiulizwa na kujibu "leo afadhali", hasemi kwamba amepona. Anasema kwamba, kwa hali aliyo nayo, leo imempunguzia. "Heri" hubeba ndani yake maana ya wema na baraka, ndiyo maana methali nyingi huanza nalo, kama ile ya nusu shari na shari kamili. Nikisema "afadhali Bruxelles", nataja pochi yangu na saa zangu. Nikisema "heri Bruxelles", nataja jambo linalozidi hayo.

6. Uamuzi

Nilipomweleza baba mdogo kwa simu kwamba nawaza pia kwenda Lisboa, hakunilaumu. Alisema kwa Kiswahili cha Lubumbashi ya ujana wake: "Lisbonne ni muzuri. Lakini ku Bruxelles kuko batu yako." Sentensi hiyo haina "kuliko", haina "kupita", haina "bora". Hata hivyo ni ulinganisho kamili. Na mwenye kusikiliza kwa makini atatambua kwamba "kuko" ya baba mdogo na "kuliko" ya vitabuni zinajengwa kwa vipande vya familia moja: mahali ambapo kuna kitu, au kuna mtu.

Nilikwenda Bruxelles. Sikufanya hivyo kwa sababu mji huo umeshinda. Jua la Lisboa bado linapita la Bruxelles, na barua za Mvemba a Nzinga bado naitaka siku ya kuzitembelea. Nilikwenda kwa sababu Torre do Tombo inaweza kuningoja miaka kumi, na mzee mwenye miguu iliyochoka hawezi kuahidi hivyo. Siku ya Jumamosi tulipanda tramu pamoja hadi Tervuren, tukitembea polepole na kukaa kila penye benchi. Alisimama kimya mbele ya makaburi yale saba. Jioni, mezani, nilipata nafasi ya kuandika namna anavyolinganisha vitu: karibu kila mara alisema "kupita". Sikuipata data hiyo katika maktaba yoyote ya Köln.

Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba kulinganisha ni zaidi ya kuweka "kuliko" kati ya majina mawili. Kabla ya kulinganisha, mwandishi ataje kipimo. Kwa hilo "kuzidi kwa" ni muundo mzuri. Kabla ya kuchagua, amtaje anayechagua. Kwa hilo "afadhali" na "heri" pamoja na kitenzi chenye nafsi ni bora kuliko sifa tupu. Na pale vipimo vinapokataa kukubaliana, aulize ni kipi kati ya viwili kinaweza kungoja.

Mazoezi

1. Tunga sentensi tatu za kulinganisha Kolwezi na Likasi, moja kwa "kuliko", moja kwa "kupita", moja kwa "kuzidi ... kwa". Eleza tofauti ya maana.

2. Sahihisha tangazo hili ili msomaji ajue kipimo na mtu anayehusika: "Mji wetu ni bora kuliko miji yote."

3. Rafiki yako ana siku tatu na nauli ya safari moja: kwa wazazi Kalemie, au kwenye mkutano wa wanafunzi Kisangani. Mwandikie ushauri wa kurasa mbili bila kutumia neno "bora" hata mara moja.

4. Katika lugha ya nyumbani kwenu, ulinganisho hufanywa kwa kitenzi gani? Muulize mzee mmoja, uandike maneno yake kama alivyoyasema.