SOMO: BARUA YA KULALAMIKA KAZINI



Wengi wenu mnafanya kazi katika mashamba ya chai. Jioni moja mama mmoja wa darasa letu aliniletea barua aliyoiandika mwenyewe kwenda kwa meneja. Kurasa tatu! Mnyapara ameitwa fisi, ameitwa mchawi. Nilisoma yote, lakini sikujua mnyapara yule alikuwa amefanya nini hasa.

Nikamwuliza: Lini? Shilingi ngapi? Nani alikuwapo? Kumbe bomba la dawa lilipasuka, naye akakatwa mshahara. Alipouliza, akatukanwa. Basi akaandika upya:

“K.K. Meneja wa Shamba.

Yah: KUKATWA MSHAHARA BILA MAELEZO

Tarehe 31 Mei 2024 nilikatwa shilingi 40,000 kwa ajili ya bomba lililopasuka. Sikuulizwa lilipasukaje, wala sikukubali kukatwa. Bomba hilo lilikuwa linavuja tangu siku niliyopewa. Nilipomwuliza mnyapara, alinitukana mbele ya wenzangu wawili. Wako tayari kueleza. Naomba kusikilizwa, na nirudishiwe fedha zangu. Naomba jibu kwa maandishi.”

Chini akaweka jina, sahihi na tarehe. Matusi hayamo hata moja.

Barua hii fupi ina nguvu kwa sababu sheria iko nyuma yake. Ni Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Mwajiri hawezi kukukata hivi hivi kwa kitu kilichoharibika. Lazima kosa liwe lako. Lazima akueleze kwa maandishi sababu na kiasi, akupe nafasi ya kupinga, na wewe uwe umekubali kwa maandishi. Hata hapo makato yasizidi robo ya mshahara. Mwenye mshahara wa shilingi 200,000 hakatwi zaidi ya 50,000. Mmeona hilo neno “umekubali kwa maandishi”? Ndiyo maana nasema kila siku: usitie sahihi, wala dole gumba, kwenye karatasi ambayo hujaisoma.

Andika barua mbili zinazofanana. Moja iache ofisini. Ya pili mpokeaji aitie sahihi na tarehe, urudi nayo nyumbani. Kama shambani kuna tawi la chama cha wafanyakazi, mwonyeshe kiongozi wa tawi kwanza.

Meneja akikaa kimya, nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ukajaze fomu. Usilale. Kwa malalamiko kama haya una siku 60 tangu jambo lilipotokea. Ukiwa umeachishwa kazi, ni siku 30 tu.

Yule mama alipopeleka barua yake, karani alikataa kutia sahihi. Mama hakugomba. Alisimama pale mlangoni na karatasi zake mbili mpaka karani akachoka, akasaini. Wiki ya pili aliitwa ofisini, akaingia pamoja na kiongozi wa tawi. Shilingi 40,000 zilirudi. Mnyapara hajamwomba radhi mpaka leo.

Zoezi: Andika barua ya sentensi tano kuhusu jambo lililokupata kazini. Taja siku, mahali, kiasi na shahidi. Ije nayo darasani, tuisome.