Mahame ya Wamaya: Mambo Matatu ya Kuuliza Mwenye Kuzuru



Katika somo hili twapenda kutazama mahame ya Tikal, mji wa kale ulio katika jimbo la Petén, kaskazini ya nchi ya Guatemala, Amerika ya Kati. Mji huu ulijengwa na Wamaya ndani ya mwitu mnene wa mvua. Mwaka 1955 ulifanywa kuwa hifadhi ya taifa, na mwaka 1979 ukaingizwa na UNESCO katika urithi wa ulimwengu.

Azuruye mahame hayo hupita chini ya miti mirefu, akisikia kima ambao mlio wao ni kama ngurumo. Kisha kwa ghafla huona jengo la mawe limesimama mbele yake. Lililo refu kupita yote, liitwalo Hekalu la Nne, lina kimo cha mita 65 hivi, nalo lilijengwa karibu na mwaka 741 wa Miladi. Apandaye huko huona vilele vya mahekalu mengine vimechomoza juu ya mwitu kama matanga juu ya bahari. Wengi hustaajabu, hupiga picha, kisha hurudi zao. Kustaajabu si vibaya, lakini mwenye kutaka elimu hakomei hapo. Yampasa aulize mambo matatu.

Jambo la kwanza: watu hawa walikunywa nini? Tikal haina mto. Mvua hunyesha kwa msimu, kisha hufuata miezi ya ukavu. Basi Wamaya walizisakifu nyua zao kwa chokaa na kuziinamisha, ili maji ya mvua yateremke mpaka katika mabirika makubwa. Mwaka 2020 wataalamu walieleza kuwa katika birika moja, liitwalo Corriental, waliona madini ya zeolaiti na mchanga, vitu vilivyoletwa kutoka nje ya mji ili kuyachuja maji. Mwaka uo huo walieleza pia kuwa mabirika yaliyokuwa karibu na jumba la wafalme na mahekalu yalikuwa yameingiwa na zebaki, nao waliihusisha na rangi nyekundu waliyoitumia Wamaya katika mapambo na maziko yao. Ni kusema, pambo la wakubwa liliingia katika maji ya kunywa. Hayo hayaonekani kwa kutazama minara peke yake.

Jambo la pili: waliandika nini? Mbele ya mahekalu zimesimama nguzo za mawe zenye maandishi. Wamaya walikuwa na mwandiko uliotimia. Na katika hesabu yao nukta ilikuwa moja, mstari ulikuwa tano, na sifuri ilikuwa na alama yake. Walikuwa na vitabu pia, vilivyoandikwa juu ya karatasi za magome ya miti. Mwaka 1562, katika mji wa Maní huko Yucatán, padri wa Kispania Diego de Landa alivitia moto vitabu vyao akidai kuwa ni mambo ya shetani. Leo vijulikanavyo ni vinne tu: vitatu huitwa kwa majina ya miji ya Ulaya vilimohifadhiwa, yaani Dresden, Madrid na Paris, na cha nne kiko Mexico. Waliokuwa wakiujua mwandiko ule wakaisha, na mawe yakawa bubu kwa karne nyingi.

La ajabu ni kuwa Landa huyo huyo aliacha katika maandishi yake orodha ya alama alizozipata kwa Wamaya. Mwaka 1952 mtaalamu wa Kirusi, Yuri Knorozov, aliitumia orodha hiyo kuonyesha kuwa alama nyingi ni sauti za silabi. Mwaka 1960 Bibi Tatiana Proskouriakoff akabainisha kuwa nguzo hizo zasimulia khabari za wafalme, ilhali wakubwa wa elimu hiyo walishikilia kuwa ni khabari za nyota na tarehe tu. Kwa juhudi kama hizo twajua leo kuwa chini ya Hekalu la Kwanza alizikwa mfalme Jasaw Chan K'awiil, aliyeshika utawala mwaka 682, na mwaka 695 akaushinda utawala wa Calakmul.

Jambo la tatu: wenyewe wako wapi? Wengi husema kuwa Wamaya walitoweka, na usemi huu si kweli. Ni kweli kuwa nguzo ya mwisho yenye tarehe hapo Tikal ni ya mwaka 869, na kuwa miji mingi ya upande huo ilihamwa. Wataalamu hutaja ukame na vita miongoni mwa sababu. Lakini kuhamwa kwa mji si kufa kwa watu wake. Mji wa Nojpetén, uliokuwa kisiwani katika ziwa la Petén Itzá, haukutekwa na Waspania mpaka mwaka 1697. Na hivi leo Wamaya ni mamilioni katika Guatemala, Mexico na Belize. Guatemala peke yake yatambua lugha 22 za Kimaya. Wengine wao huja Tikal kufanya ibada zao za asili. Basi amwambiaye mtu kama huyo kuwa wazee wake walitoweka, amemdhulumu mara mbili: amemnyang'anya nasaba yake, na amemnyang'anya na kazi ya mikono ya wazee wake.

Kwa hiyo twamnasihi mwenye nia ya kuzuru asome kabla ya kusafiri, asipande palipokatazwa, na asiokote hata kigae, kwani kigae kikiondolewa mahali pake hupotea khabari yake. Na akipata mwenyeji wa kumwongoza, amwulize jina la mahali kwa lugha ya kwao, kisha asikilize.