Mtoto Huzaliwa na Dini Gani?

Amma baad. Ndugu yangu Muislamu, Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha ya kwamba kila mtoto huzaliwa juu ya fitra, kisha wazazi wake ndio wamgeuzao. Watakaye kuyaona haya kwa macho na apande Kilimanjaro. Wachaga, kabla ya kufikiwa na mmishonari yeyote, walimjua Mungu wakamwita Ruwa, na jina hilo ndilo la jua. Kwani fitra huonyesha ya kuwa yuko Muumba, haifundishi namna ya kumwabudu. Mwaka 1893 Walutheri wa Leipzig walifika Machame. Mapadri wa Kikatoliki wakashika Kibosho, jirani yake. Hata leo wa huku aghalabu ni Mlutheri, na wa kule Mkatoliki. Je, kila mmoja alipima hoja akachagua? La, babu yake alikwenda skuli iliyokuwa karibu.

Usicheke, ndugu yangu. Nawe ulizaliwa Tanga au Pangani, ukaadhiniwa sikioni kabla hujaonja ziwa la mamako. Wanazuoni wa tauhidi wameijadili imani ya mwenye kufuata wazee wake pasipo dalili: wengi wamesema yasihi, ila apata dhambi kwa kuacha kutazama naye aweza. Basi mwanao akikuuliza, "Baba, umejuaje ya kuwa ni kweli?" usimkemee. Keti naye.