Fleti Yako Inaishia Wapi?

Kijitabu cha elimu kwa umma kwa anayejiandaa kununua fleti

"Pamoja na vyote vilivyomo"

Dada mmoja alikuja ofisini kwetu na bahasha ya kaki na funguo mbili. Alikuwa amenunua fleti ya vyumba vitatu, ghorofa ya nne, hapa Dar es Salaam, kwa akiba ya miaka kumi na moja. Siku aliyoonyeshwa, sebule na vyumba vyote vya kulala vilikuwa na viyoyozi, jikoni kulikuwa na oveni iliyochomekwa ndani ya kabati, na chini kwenye maegesho gari la muuzaji lilitulia kivulini, nafasi namba 12. Siku aliyokabidhiwa alikuta matundu manne ukutani na nyaya zilizofungwa kwa seloteipu. Pale palipokuwa na oveni palibaki pengo na vumbi. Nafasi namba 12 ilikuwa na gari la jirani wa ghorofa ya pili, mwenye karatasi ya kuthibitisha kuwa nafasi ni yake na muuzaji alikuwa akiiazima tu.

Tuliusoma mkataba wake. Ulikuwa na kurasa tatu, lakini mali inayouzwa ilielezwa kwa mstari mmoja: namba ya fleti, ghorofa, "pamoja na vyote vilivyomo". Yeye aliamini maneno hayo yanamlinda. Muuzaji naye aliyasoma kwa faida yake: vilivyomo siku ya makabidhiano ndivyo hivi.

Kisa chake kinatuuma kwa sababu kingezuilika kwa karatasi moja. Anayenunua nyumba ya kiwanja huonyeshwa bikoni nne, akajua ardhi yake inaanzia wapi na inaishia wapi. Mwenye fleti hana bikoni za kukanyaga. Sakafu yake ni dari ya mtu, ukuta wake ni ukuta wa jirani, na korido anayopita kila siku si yake peke yake. Mpaka wake uko kwenye maandishi na michoro, na asipoiona kabla ya kulipa, atakuja kuonyeshwa na mtu mwingine.

Bikoni zako ni ramani

Tanzania Bara ina Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya mwaka 2008. Sheria hiyo inaligawa jengo mara mbili. Kuna sehemu, yaani fleti yenyewe, ambayo hupewa hati yake na ni yako peke yako. Halafu kuna maeneo ya pamoja, kama vile ngazi, korido, lifti, paa na ardhi jengo lilipokaa, ambayo unayamiliki kwa hisa pamoja na wenzako. Ili hati za fleti zitolewe, ni lazima isajiliwe ramani inayoonyesha kila sehemu na maeneo ya pamoja. Omba nakala ya ramani hiyo kabla hujatoa hata shilingi ya kianzio. Kenya ilitunga sheria mpya ya aina hii mwaka 2020, na Zanzibar ina sheria zake, hivyo mnunuzi wa Mombasa au wa Unguja aulizie ya kwao. Swali la kwanza ni lile lile: ramani iliyosajiliwa iko wapi?

Majengo mengi bado hayana hati za kila fleti. Utaambiwa hati iko mbioni. Inawezekana ni kweli, lakini mpaka itoke, unachonunua ni ahadi iliyoandikwa kwenye mkataba juu ya jengo ambalo hati yake ni moja tu, ile wanayoiita hati mama. Fanya upekuzi wa hati hiyo kwa Msajili wa Hati: nani mmiliki, je imewekwa rehani benki, je kuna zuio. Mwendelezaji aliyekopa kujenga huwa ameweka hati hiyo hiyo kama dhamana. Deni lake likimshinda, benki itaanza na jengo.

Angalia pia miaka iliyobaki. Ardhi ya Tanzania ni ya umma, na hakimiliki hutolewa kwa muda, kwa kawaida miaka 33, 66 au 99. Fleti haina miaka yake, inaishi ndani ya miaka ya kiwanja. Hati ya miaka 33 iliyotolewa mwaka 1998 inaisha mwaka 2031, hata kama jengo lilipakwa rangi jana.

Tembea na ramani, futi kamba na mtu wa pili

Ukishapata ramani, rudi kwenye fleti mchana, na umwombe muuzaji akuache utembee taratibu. Anza mlangoni. Linganisha kila ukuta na mchoro. Mara nyingi tumekuta chumba kimoja kimezaliwa kwa kuziba roshani, au sehemu ya korido imewekewa geti ikageuka stoo. Unapoonyeshwa huonekana ni ziada ya bure. Lakini kama mchoro unasema pale ni korido, basi pale ni pa wote, na uongozi mpya wa wamiliki unaweza kudai geti ling'olewe wakati wowote.

Kipimo cha ukubwa ndicho kinachopoteza fedha nyingi kimya kimya. Tangazo linasema mita za mraba 120. Uliza: zimepimwa kutoka wapi hadi wapi? Tuseme bei ni shilingi milioni 240. Kwa mita 120, kila mita ni milioni 2. Sasa pima kwa futi kamba, ukuta wa ndani hadi wa ndani, na pengine utapata mita 90, kwa sababu katika zile 120 mna mita 14 za roshani na mita 16 za hisa yako ya korido, ngazi na unene wa kuta. Kwa sakafu utakayotandika kitanda na meza, umelipa zaidi ya milioni 2.6 kwa mita. Si lazima uwe umeibiwa. Lakini ukilinganisha fleti hii na ya jengo la jirani iliyopimwa ndani tu, unalinganisha embe na nazi. Dai hesabu iandikwe: ndani ngapi, roshani ngapi, pamoja ngapi.

Maegesho yanastahili kichwa chake, maana ndiyo yanayotuletea ugomvi mwingi kuliko kitu kingine chochote. Nafasi ya gari inaweza kuwa kwenye hati yako kama sehemu ya fleti. Inaweza kuwa eneo la pamoja ulilopewa wewe kulitumia peke yako. Inaweza kuwa ya kukodi kwa mwezi. Na inaweza kuwa mazoea tu, kila mtu anaegesha anapokuta nafasi, mlinzi akipanga. Ukisimama pale chini na dalali akinyoosha kidole, hali zote nne zinafanana kabisa. Usiulize "kuna parking?" Uliza "nafasi yangu ni namba ngapi, na imeandikwa kwenye karatasi gani?" Kisha mwombe mlinzi wa zamu akuambie ni gari la nani hulala hapo. Walinzi wanajua mambo ambayo mikataba haiyajui.

Swali hilo hilo lipeleke juu ya paa. Anayeuza fleti ya juu kabisa hupenda kusema paa ni lako, utafanya bustani, utapunga upepo wa bahari. Kumbuka matangi ya maji yapo huko, na fundi wa kila fleti atahitaji kupita. Stoo ya chini na chumba cha mfanyakazi navyo viulizie vivyo hivyo.

Vilivyokazwa na vinavyobebeka

Hapa ndipo yule dada alipoumia. Sheria ya Ardhi inahesabu majengo na vilivyoshikamana nayo kwa kudumu kuwa sehemu ya ardhi. Kwa hiyo mlango, dirisha, choo na sinki havina mjadala. Kitanda na sofa navyo havina mjadala, huondoka na mwenyewe. Kati ya hapo kuna vitu vya ubishi: viyoyozi, hita za maji, pangaboi, taa za mapambo, fito za pazia, oveni ya kuchomeka, kabati la nguo lililopigiliwa ukutani, grili za madirisha, inveta na betri zake, dishi la king'amuzi. Muuzaji anaona amevinunua kwa jasho lake. Mnunuzi anaona amevilipia ndani ya bei.

Msibishane kwa kanuni. Andikeni. Ingia chumba kimoja baada ya kingine na kalamu, ukiandika kila kitu kwa jina, idadi, aina na hali: "chumba kikuu, kiyoyozi kimoja, kinafanya kazi, kinabaki." Piga picha kila ukuta. Kinachoondoka nacho kiandikwe, pamoja na sharti kuwa muuzaji ataziba matundu na kupaka rangi. Orodha hiyo muisaini wote wawili na iwe kiambatisho cha mkataba. Ni kazi ya saa mbili.

Luku, maji na ada ya huduma

Uliza kama fleti ina mita yake ya Luku iliyosajiliwa TANESCO au ni mita ndogo inayohesabu umeme kutoka mita kubwa ya jengo. Tofauti si ndogo. Ukiwa na mita ndogo, unanunua umeme kwa bei na ratiba ya anayeshika mita kubwa. Zaidi ya hapo, tangu mwaka 2021 kodi ya majengo inakatwa kupitia Luku, kwa hiyo mita ya pamoja inachanganya hata nani amelipa kodi ya nani. Kwenye maji, omba ankara ya mwisho. Umeme wa Luku hulipiwa kabla, maji kwa kawaida hulipiwa baada, na deni la maji humsubiri mgeni.

Ada ya huduma isikutoke akilini kwa sababu hulipwa kidogo kidogo. Uliza ni kiasi gani, inalipia nini, na nani anaipanga. Je, dizeli ya jenereta imo? Jenereta yenyewe inawasha fleti nzima au taa za ngazi tu? Kuna akiba ya siku lifti itakapokufa? Omba barua ya uongozi wa jengo kuthibitisha kwamba muuzaji hadaiwi. Ukitajiwa ada kwa dola, kumbuka kuwa tangu Machi 2025 kanuni zinakataza kutangaza au kudai malipo ya bidhaa na huduma za ndani kwa fedha za kigeni.

Kilichosemwa kiingie kwenye mkataba

Sheria ya Ardhi inataka mkataba wa kuuza ardhi uwe wa maandishi. "Usijali, ndugu yangu, hiyo utaikuta" haina pa kukushikia mahakamani. Mkataba ueleze fleti kwa namba ya ramani, utaje maegesho na stoo kwa namba zake, uambatishe ramani na orodha ya vitu, na useme nani analipa ushuru wa stempu, kodi ya ongezeko la mtaji na gharama za kuhamisha hati. Nyumba ikiwa ya ndoa, ridhaa ya mwenzi wa muuzaji iwe ya maandishi. Bakiza sehemu ya fedha hadi makabidhiano, na sharti hilo liandikwe pia.

Ndugu walioko Muscat, London au Minneapolis wananunua siku hizi kwa simu ya video. Video huonyesha kinachong'aa. Mtume mtu usiyemwonea haya kumuuliza maswali, si dalali na si rafiki wa dalali, atembee na ramani ya jengo kwa hatua zile zile. Na kama jengo halijajengwa, picha za kompyuta zenye mitende na bwawa la kuogelea si sehemu ya mkataba mpaka mkataba useme hivyo. Hapo unahitaji jedwali la umaliziaji: vigae vya aina gani, kabati za mbao gani, milango ya nini, sinki ngapi.

Siku ya funguo

Nenda mchana, umeme ukiwepo, na orodha yako mkononi. Washa kila kiyoyozi na usubiri kipoze. Fungua mabomba yote kwa pamoja uone presha. Vuta maji chooni. Ingiza kila ufunguo kwenye kitasa chake, uhesabu na kadi za geti na rimoti. Shuka chini uegeshe gari kwenye nafasi yako, mlinzi akiona. Soma mita ya maji na uniti za Luku, uziandike kwenye hati ya makabidhiano pamoja na tarehe na saa. Kama kuna kilichopungua, kiandike hapo hapo kabla ya kusaini, na ile sehemu ya fedha uliyoibakiza ikae benki mpaka kirudishwe.